Mteja Asiye na Vidole

Bakuli langu la kwanza kuuzwa mtandaoni lilikaa siku kumi na nane mezani kwa mwenyewe, kisha likapasuka. Lilikuwa la mwembe, upana sentimita 26. Nilikuwa nimelikereza, yaani kulichonga likizunguka mashineni, kwenye karakana yangu ya Tanga na kulipiga msasa mpaka likateleza kama sabuni. Nililipiga picha barazani, nikaliweka Instagram, na siku ya tatu mama mmoja wa Dodoma akalinunua bila hata kuomba punguzo. Nikalifunga, nikalipeleka stendi, nikalipia kifurushi, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Kisha ikaingia picha kwenye simu. Ufa ulikuwa umetoka mdomoni mwa bakuli kuteremka mpaka karibu na kitako, na laini ya simu ingepita humo bila kugusa kingo. Chini yake mama aliandika: "Mwanangu, bakuli lako mbona limechoka mapema hivi?"

Nilianza kumtafutia yeye kosa. Labda aliliacha juani, labda aliliosha kwa maji ya moto. Hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya hata kabla sijashika simu kupiga picha.

Mbao hainyamazi baada ya mti kukatwa. Inaendelea kunywa na kutema unyevu kulingana na hewa iliyoizunguka. Hewa ya Tanga ni nzito, bahari iko mlangoni, na mbao ikikaa kivulini hapa hutulia ikiwa na unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi. Fundi huigonga, huisikia inalia vizuri, husema imekauka. Lakini mbao iliyokauka Tanga imekubaliana tu na hewa ya Tanga. Ipeleke Dodoma mwezi wa Septemba, ambako upepo unakausha hata midomo, itaanza kutema tena mpaka ifike kama asilimia 10. Ipeleke Ulaya wakati wa baridi, ndani ya nyumba iliyowashwa mitambo ya joto, itateremka hadi asilimia 6, 7 au 8. Na kila inapotema husinyaa. Husinyaa zaidi kufuata duara la pete za mti, karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na kufuata urefu wa mti husinyaa kidogo sana, hata jicho haliwezi kuona. Kwa sababu hiyo bakuli lililotoka mashineni likiwa duara kamili huwa na umbo la yai baada ya muda. Lisipopata nafasi ya kujikunja, hupasuka.

Kumbuka basi jinsi watu wanavyonunua bakuli kwenye meza ya kando ya barabara. Mteja hulinyanyua kupima uzito. Huligeuza aone kitako. Hulinusa. Hupitisha ukucha kwenye ukingo, hugonga kwa kidole, hulinganisha na lingine. Hajafungua mdomo, lakini ameshauliza maswali kumi na bakuli limemjibu yote. Tena analipeleka nyumbani katika hewa ileile. Mteja wa mtandaoni hana vidole hivyo. Ana kioo cha simu, na nusu ya muda kioo chenyewe kimepasuka. Nimeuza kwa njia hii miaka kadhaa sasa, na karibu kila hasara niliyoipata ilitokana na swali ambalo vidole vya mteja vingeuliza na mimi sikulijibu.

Tuanze na cha kuuza, maana hapa wanaoanza hukosea kwa sababu ya furaha. Mtu akishajua kukereza, kitu cha kwanza anachotaka kuuza ni bakuli kubwa, kwa kuwa ndilo linalopigiwa makofi. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza uuze vitu virefu. Mti wa kusukumia chapati, mchi mdogo wa kutwangia viungo, kinara cha mshumaa, mpini wa kisu, na pia ya kuzungusha ya watoto. Vitu hivi hukerezwa nyuzi za mbao zikiwa zimelala kufuata urefu wa mashine, na nimeshasema kwamba kwa urefu mbao haisogei. Mti wa chapati uliokerezwa Tanga ukifika Dodoma utapungua unene kidogo tu, na chapati hazitajua. Sharti ni moja: usikereze tawi zima lenye kiini katikati. Pasua gogo, kiache kiini nje, ukate kipande chako pembeni. Tawi zima hata likiwa dogo litafunguka kama ndizi.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na mti wa chapati. Kila nyumba inaujua. Hakuna haja ya kumweleza mtu ni wa nini. Bakuli la mapambo linahitaji mteja anayejua atalitia wapi. Mti wa chapati unahitaji mteja mwenye unga. Na hauvunjiki njiani, hata mpakiaji wa basi akiurusha, na wapakiaji wanarusha.

Mabakuli utayafikia, na ukiyafikia yafanye mara mbili. Likereze likiwa bichi kwanza, uache ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wake: bakuli la sentimita 30 liwe na ukuta wa sentimita 3. Paka nta au rangi ya mafuta pale ambapo nyuzi zimekatwa, maana huko ndiko maji hutokea kwa haraka. Liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, mbali na upepo, na uandike tarehe na uzito juu yake kwa kalamu. Pima kila wiki kwa mizani ya jikoni. Litapungua, litapungua, kisha litaacha kupungua. Hapo ndipo unalirudisha mashineni kwa mara ya pili. Likiwa linakwenda bara au ng'ambo, mimi huongeza hatua moja: sanduku la mbao lenye matundu, balbu ya zamani ya kutoa joto ndani yake, na bakuli linakaa humo mpaka uzito ushuke tena na kutulia upya. Mke wangu huliita sanduku hilo wodi.

Kukereza kwenyewe si jambo geni hapa pwani. Vitanda vya mabibi zetu vilikuwa na miguu ya kukerezwa, yenye vifundo na shingo, na mafundi wa Lamu na Siyu walijulikana kwa kazi hizo kabla umeme haujafika. Lakini neno lenyewe limeanza kusahaulika, na hili lina athari dukani. Ukiandika kwenye picha yako "bakuli la kukereza", watafutaji wengi hawatalifikia, kwa sababu wao wanaandika "bakuli la mti" au "vyombo vya mbao" au "kuchonga". Mchongaji anaweza kukasirika, kwa kuwa kuchonga na kukereza ni kazi mbili tofauti, lakini mteja hakusomea useremala. Andika yote. Andika "bakuli la mbao, limechongwa kwa mashine ya kukereza". Andika "mti wa chapati" na pia "msukumio wa chapati", maana Mombasa na Morogoro hawasemi kitu kimoja. Nimepoteza miezi mitatu nikiandika majina niliyoyapenda mimi.

Kwenye picha sitakaa sana, kwani simu yoyote ya leo inatosha. Piga asubuhi, mlangoni, jua likiwa halijaingia moja kwa moja. Usitandike kanga chini yake. Najua inavutia, lakini kanga yenye korosho na maneno pembeni itamfanya mteja aisome kanga. Karatasi ya kahawia au ukuta usio na rangi kali ni bora. Weka kando ya bakuli kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kama yai au ndimu, kisha andika vipimo hata hivyo: upana, kimo, unene wa ukingo, uzito kwa gramu. Uzito ndio watu husahau, na ndio mkono ungeujua kwanza. Halafu piga kitako. Mafundi wenyewe wakikutana, kila mmoja huligeuza bakuli la mwenzake kabla ya kusema lolote, kwa sababu juu kila mtu anasafisha. Chini ndiko uvivu unakojificha. Mteja asiyejua kabisa ukerezaji bado anahisi kitu akionyeshwa kitako kilichomalizwa vizuri. Na kama kuna kifundo au ufa mdogo uliojazwa gundi, uwekee picha yake peke yake. Nimeuza bakuli lenye kasoro kwa bei kamili kwa sababu kasoro ilikuwa picha ya pili badala ya kufichwa.

Taja mti kwa jina lake. "Mbao ngumu" si jina. Hapa Tanga mitiki inatoka karibu, shamba la miti la Longuza liko Muheza. Mwembe, mfenesi na mkungu ni miti ya uani, hupatikana mtu anapojenga ukuta au mvua inapoangusha. Mfenesi una manjano ambayo huiva polepole kuwa kahawia. Mwambie mteja hivyo mapema, la sivyo baada ya mwaka atadhani umemuuzia rangi iliyochuja. Mwarobaini nao ni mzuri, na wachongaji wa pwani ya Kenya waliukimbilia baada ya miti ya porini waliyoizoea kama muhugu kuadimika. Kuhusu mafuta ya kumalizia: usitumie mafuta ya kupikia kwenye chombo cha chakula, yanachacha ndani ya mbao na bakuli litanuka kama kikaango cha juzi. Mafuta ya kitani na nta ya nyuki yanatosha, ila mafuta hayo yanataka wiki kadhaa kukauka. Usimtumie mtu bakuli linalolowesha karatasi.

Mpingo una kesi yake. Kila anayeanza anatamani kuuza mpingo kwa sababu jina linauza lenyewe. Ni mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, na ukikerezwa vizuri hung'aa bila vanishi. Kwa kuwa unauza, unaigizwa. Mbao nyeupe ikipakwa dawa ya viatu huwa mpingo kwa muda wa safari ya mtalii kwenda uwanja wa ndege. Mteja makini ataomba uthibitisho, na uthibitisho rahisi ni kuacha mahali padogo pa ile ngozi ya mti yenye rangi ya maziwa ikutane na weusi. Mpaka ule haupakwi kwa brashi. Risiti ya mwenye mbao iwepo pia, na gogo liwe limepita kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kilwa kuna vijiji ambavyo misitu yao ya asili ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, kwa hiyo mpingo wa njia halali upo, una bei yake tu.

Kuna pia mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo katika Kiambatisho cha Pili. Mwishoni mwa Novemba 2019 kanuni ikalegezwa kwa bidhaa zilizokamilika: shehena ambayo mbao yake haizidi kilo 10 haihitaji kibali cha mkataba huo. Vinara viwili vya mpingo kwa mteja wa Uingereza havifiki huko. Februari 2023 ikawa zamu ya ndugu wa Afrika wa mninga na mkongo, lakini kwa hao kinachotajwa ni magogo, mbao za kupasua na mfano wa hizo. Tofauti hii ni muhimu kwetu kuliko inavyoonekana, maana wakerezaji wa ng'ambo hupenda kununua vipande ghafi wakakereze wenyewe. Bakuli la mninga ni bidhaa. Kipande cha mraba cha mninga ni mbao, na kinaingia kwenye mlango mwingine wa sheria. Mimi vipande ghafi siuzi nje, nimeamua hivyo nipate usingizi.

Sasa bei, ambayo wengi wetu tunaificha. "Bei njoo inbox" ni ugonjwa. Nauelewa unakotoka: dukani bei hutegemea mtu aliyesimama mbele yako, na tumeuhamishia mtandaoni utamaduni wa kumpima mteja kwa viatu. Lakini mtu anayetafuta mti wa chapati saa nne usiku hatakuandikia, ataenda kwa mwenzako aliyeandika 15,000. Andika bei.

Nichukue hiyo 15,000 niifungue. Kipande cha mbao 2,500. Msasa na nta 800. Umeme 300. Kukereza na kusafisha dakika 40. Nikijilipa shilingi 4,000 kwa saa, ni kama 2,700. Hapo ni 6,300 na mti wa chapati uko mezani bado. Sanduku na karatasi 1,000. Kupiga picha, kujibu ujumbe na kwenda stendi, kwa mgawo wa kila kifaa, nusu saa: 2,000. Jumla 9,300. Imebaki 5,700, na nauli ya kifurushi analipa mteja. Nzuri. Kisha linaingia lile swali.

"Kaka, bei ya mwisho?"

Nikisema 12,000, imebaki 2,700. Na katika kila vipande kumi kimoja huharibika: patasi inakamata, kinatokea kifundo kilichooza, kinapasuka. Zile 6,300 zilizopotea zinabebwa na tisa vilivyosalimika, 700 kila kimoja. Imebaki 2,000, kodi sijaigusa, wala mashine sijailipa. Ndiyo maana siku hizi hujibu: "Dada, bei ni hiyohiyo, ila ukichukua viwili nitakuongezea pia ya mtoto." Pia hukerezwa kwa mabaki, dakika nane. Mteja anaondoka na kitu mkononi na mimi sijakata bei.

Masoko ya nje hesabu yake ni nyingine. Etsy, ambayo ilianza Brooklyn mwaka 2005 kwa ajili ya kazi za mikono, hutoza senti 20 za dola kuweka kitu kimoja kwa miezi minne, kisha asilimia 6.5 kitu kikiuzwa, na asilimia hiyo huhesabiwa pamoja na gharama ya kusafirisha uliyomtoza mteja. Kuchakata malipo ni makato mengine juu ya hayo. Kabla hujapiga hata picha moja, hakikisha nchi yako imo kwenye orodha ya nchi ambazo wauzaji wake wanalipwa, kwa sababu duka lisilolipa ni maonyesho. Anayeanza sioni kwa nini akimbilie huko. Ndani kuna WhatsApp yenye katalogi na Instagram, kuna pesa za simu ambazo M-Pesa ilizizoesha Wakenya tangu 2007 na sisi mwaka uliofuata, na kuna mabasi. Mtandao wa mabasi yetu ni posta ya pili. Bakuli likipakiwa Tanga jioni, asubuhi liko mikoani, na kondakta ana namba ya mpokeaji.

Kinachokwamisha ni imani. Mteja anaogopa kutapeliwa, na ana haki, kila mtu ana jamaa aliyelipia simu akapokea sabuni. Mimi nami naogopa kutuma kifurushi kikarudi hakijachukuliwa. Mama mmoja wa Mwanza aliniandikia kuulizia mchi na kinu kidogo.

"Shikamoo mama. Vipo, vya mtiki, elfu ishirini na tano vyote viwili."

"Marahaba mwanangu. Nitajuaje upo kweli?"

Sikumtumia kitambulisho. Niliweka simu juu ya meza, nikarekodi nikikata mtiki na kuukereza, nikamtajia jina lake katika video, "mama, huu ndio wako". Sekunde 40. Alituma nusu ya pesa kabla video haijaisha kunakiliwa kwa dada zake, na wawili kati yao walinunua mwezi huohuo. Tangu hapo kazi ya oda hulipwa nusu kwanza, nusu kifurushi kikiwa stendi na risiti ya basi imeshapigwa picha. Kwa kitu kilichokwisha tengenezwa nachukua yote mwanzoni, na nimeandika wazi kwamba kikipasuka ndani ya miezi sita bila kuloweshwa wala kuanikwa, natengeneza kingine. Ahadi hiyo imenigharimu mabakuli manne mpaka leo. Ni nafuu kuliko tangazo.

Ufungaji utajifunza kwa hasara kama wengine. Nitasema mawili. Chombo kisicheze ndani ya sanduku. Tikisa, ukisikia sauti fungua upya. Na maranda yako, ambayo ni mengi na ya bure, yatumie kwa vifurushi vya ndani ya nchi peke yake. Nje ya mipaka tumia magazeti na maboksi, maana wakaguzi wa mimea wanaogopa wadudu, na maranda ni nyumba ya wadudu. Kagua pia chombo chenyewe. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe unaodondoka, hasa kwenye mwembe, usikitume popote.

Mama wa Dodoma nilimtengenezea bakuli la pili, likapita wodini kwa balbu, nikamwomba anirudishie la kwanza kwa basi lilelile. Alilirudisha likiwa na vitunguu saumu ndani, zawadi, na barua fupi ya kunisalimia. La pili bado analo. Hutia maembe ya msimu. Lile la kwanza lipo kwenye rafu juu ya mashine yangu. Mwezi wa Februari, joto likiwa kali, ufa wake unaonekana vizuri na naweza kupitisha karatasi. Masika ikiingia Tanga, wiki mbili za mvua, bakuli linakunywa, kingo zinasogeleana, na ufa unajifunga mpaka ukucha haupati pa kushika. Mteja akiniuliza kwa nini oda yake itachukua miezi miwili, nampigia picha hiyo rafu, pamoja na tarehe.